Jambazi Aliyeomba Uji

Ninaipenda filamu moja ya jambazi wa Kimarekani. Ni ile ya farasi, bunduki na kofia pana, ambamo mtu asiyenyoa ndevu anaiba fedha za gari la moshi, halafu sisi watazamaji tunatakiwa tumwonee huruma. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi. Nimelikana mbele ya wanafunzi, niliowafundisha kwa sauti kavu kwamba filamu za namna hiyo ni hekaya za wanyang'anyi wa ardhi waliojitia manukato. Nimelikana mbele ya mume wangu, aliponikuta jikoni nikifuta machozi mbele ya laptopu nikamwambia ni vitunguu. Akatazama mezani. Palikuwa na ndizi.

Niliyowafundisha wanafunzi ni kweli, na ninayaamini mpaka leo. Lakini jambazi yule anapopigwa risasi mwishoni, nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, elimu yangu yote hunitoka nikalia kama mfiwa. Wa kulaumiwa ni mwanamume mmoja aliyekuwa akikaa nyuma ya pazia.

Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu Malindi alikuwako bibi mmoja mjane ambaye mwanawe alifanya kazi Uarabuni. Mwana huyo alimletea mamake vitu viwili: blanketi zito, lisilo na kazi yoyote katika joto letu, na deki ya video. Blanketi lilikunjwa likapandishwa juu ya kabati. Deki ikawa mali ya mtaa mzima. Kila Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, wanawake walikusanyika sebuleni kwake, wakavua mabuibui, wakajipanga mikekani, na sahani za visheti na kaimati zikaanza kuzunguka. Ilikuwa saa ya wanawake. Mwanamume hakuingia, na mwenye akili zake hakupita hata karibu na dirisha.

Tatizo likawa Kiingereza. Kanda zote zilikuwa za Kiingereza, na waliokijua mle ndani walikuwa sisi watoto wa shule, tulioweza kusema hiki ni kiti na ile ni meza, tukaishia hapo. Mwenye nyumba akamkumbuka mpwa wake, kijana aliyefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya watalii. Kijana alikuwa na Kiingereza cha kutosha na Kitaliano cha ziada. Ila alikuwa mwanamume, tena si maharimu wa mtu yeyote mle chumbani isipokuwa shangazi yake. Pakatafutwa njia, na njia iliyopatikana ninaihesabu mpaka leo miongoni mwa maajabu ya kwetu. Lilitundikwa pazia zito la maua kati ya sebule na ukumbi, kijana akawekewa kiti upande wa pili, akapenyezewa kikombe cha kahawa kwa chini, akaambiwa afasiri.

Yaani alifasiri filamu asiyoiona.

Hakuna aliyeliona hilo kuwa kasoro. Sauti si anaisikia? Basi. Na kweli, palipokuwa na maneno hakufanya vibaya. Shida ni kwamba majambazi wa Kimarekani si watu wa maneno. Muda mrefu hupita husikii ila kwato na upepo. Kijana wa mapokezi hakuweza kukivumilia kimya. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kutomwacha mgeni akisubiri.

"Sasa anafikiri," sauti ilitoka nyuma ya pazia.

Kimya kikiendelea, aliongeza, "Anamfikiria mamake."

Kwenye kioo, farasi alikuwa akinywa maji. Nilikua nikiamini kwamba farasi ni wanyama wanaowapenda sana mama zao.

Akisikia maji, alisema, "Sasa anatia udhu."

"Na kofia kichwani na sigara mdomoni?" aliuliza mwanamke mmoja, maana jambazi alikuwa kajilaza ndani ya pipa la kuogea.

"Kwao ndivyo," pazia likajibu.

Siku moja jambazi na mkewe walibusiana. Mwenye nyumba aliinuka mbio akasimama mbele ya televisheni, kaitanda khanga yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi. Chumba kizima kikanyamaza.

"Mbona kimya?" sauti iliuliza.

Khanga ilipandishwa juu zaidi.

"Basi wanafikiri," alisema. "Wote wawili."

Kisha palikuwa na suala la adabu. Mtu aliyelelewa Malindi, tena akafundishwa kazi ya hoteli, hawezi kuingia mahali akaanza kupiga kelele. Kwa hiyo jambazi alipoipiga teke milango ya benki na kunguruma maneno mawili matatu, sisi tulisikia: "Asalaam aleikum, wazee wangu. Shikamooni. Samahani kwa usumbufu. Tungeomba fedha zote zilizomo, tafadhali." Wanawake kadhaa waliitikia salamu. Na ili tusipotee, alituwekea mahali tunapopajua. Gari la moshi halikuwahi kwenda popote isipokuwa Mariakani. Mama yangu, akiitazama ile nchi kavu yenye miiba na vumbi, aliuliza kila Jumatano, "Hii si Ganze hii? Wanagombania nini?"

Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo hiyo ya jambazi tuliiona mara nyingi mno. Ilikuwa filamu isiyo na rangi. Ilimhusu mchunga ng'ombe aliyesingiziwa wizi, akaona kama jina keshalipata basi na kazi aifanye. Anaiba, anawindwa, analala milimani, na muda wote anataka kitu kimoja tu, kurudi kwa mkewe. Mwishoni anarudi. Anashuka farasi mbele ya nyumba, mlango unafunguliwa, mke anatokea, na mtu aliyejificha nyuma ya mapipa anafyatua bunduki. Jambazi anaanguka. Mke anakipakata kichwa chake. Askari anakuja, anainama, anasema neno moja na kuvua kofia. Muziki unapanda.

Chumba kizima kililia. Mwenye kulia kupita wote alikuwa mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye wakati huo alikuwa msichana hajaolewa.

"Amezirai," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Ni uchovu. Ametoka mbali."

Vilio vikapungua.

"Baada ya siku tatu aliamka," sauti iliendelea, huku majina ya waigizaji yakipanda kwenye kioo, "akaomba uji. Akanywa. Akatubia. Akahamia Mambrui na mkewe, akafungua duka la vitambaa."

"Alhamdulillahi," walisema wanawake, wakavaa mabuibui yao wakaenda kupika.

Mtaa wetu karibu wote ulikua na imani hiyo. Mimi niliiacha chuo kikuu, jioni moja walipoionyesha filamu ileile ukumbini bila pazia wala mfasiri. Jambazi alianguka, muziki ukapanda, taa zikawashwa, wenzangu wakaondoka. Mimi nilibaki kitini nikisubiri uji.

Nyumbani sikusema. Niliitafuta filamu hiyo, nikaipata, na tangu hapo nimekuwa nikiitazama kwa siri kama mtu anayevuta sigara chooni.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Mama mdogo ni mjane. Watoto wake wawili wako mbali, na yeye anaishi peke yake Malindi, akishona kofia za viua na kugombana na redio. Mimi nakaa Kilifi mjini, na huenda kumwona mara kwa mara. Siku moja nilimkuta na mama kwenye baraza ya ndani, nyuso zimewaiva, kahawa imepoa. Alikuwa amekuja mshenga. Mtu wa nyuma ya pazia, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, mkewe alifariki zamani, ameposa.

"Yule mwongo?" mama alisema, akinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeposa. "Yule aliyemwamsha maiti akamnywesha uji?"

"Hakuwa maiti, dada. Alizirai."

"Alizirai na tundu kifuani?"

"Lile lilikuwa jasho."

"Jasho jeusi!"

"Filamu yenyewe haina rangi. Jasho na damu utavitenganishaje?"

"Wewe kweli utaolewa na mtu anayesema hivyo," mama alisema. "Mnafanana."

Nilicheka. Mama mdogo hakucheka. Alichukua kofia aliyokuwa akiishona, akaiweka chini tena.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nimechoka kukaa peke yangu. Kupika kikombe kimoja cha mchele ni balaa, kinaungua kabla hujageuka. Mtu huyu simchukii. Lakini marehemu unamjua."

Nilimjua. Marehemu mumewe alikuwa mtu mzuri sana wa mdomo. Mwaka ujao tutajenga. Mwezi ujao nitakupeleka umrah. Kila alichotaka mkewe kukisikia, alikisikia siku hiyohiyo, na nyumba aliyoahidiwa mpaka leo haina hata msingi.

"Nimelishwa maneno matamu ujana wangu wote," mama mdogo alisema. "Uzeeni sitaki tena. Kama huyu alikosea kwa sababu haoni, hiyo ni bahati mbaya ya pazia. Kama alijua akatudanganya, jibu langu ni la, na mshenga asirudi. Wewe ndiye msomi. Nitafutie ile filamu."

Nilimtazama. Filamu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, ndani ya laptopu, katika faili niliyoiita Mitihani ya Zamani.

"Itachukua muda," nilisema. "Vitu vya kale hivyo. Havipatikani ovyo."

Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba askari, anapoinama juu ya jambazi, anasema neno moja, tena kwa sauti ya kusikika. Nilijua kwamba mtu wa mapokezi hawezi kulikosa neno hilo. Nikarudi Kilifi nikajifanya natafuta. Mama mdogo alipiga simu kila asubuhi.

"Umeipata?"

"Bado, Mamdogo. Naulizia kwa watu."

"Mshenga kapita tena jana. Nimemwambia nina homa. Sasa siwezi kutoka hata kununua samaki, mtaa mzima utaniona mzima. Nakula mayai tu."

Siku nyingine aliniambia mshenga amemletea dawa ya homa iliyotumwa na mzee mwenyewe, chungu kama shubiri, na amekaa palepale mpaka akainywa. Hapo nikaona nitamuua. Nikamwambia filamu imepatikana.

Tuliitazama chumbani kwake, laptopu juu ya kiti, sisi watatu kitandani. Nilijitolea kufasiri, na nilifasiri kama nilivyosomeshwa: kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza. Haikuwafurahisha.

"Amesema toeni fedha la sivyo nitawapasua vichwa," nilisema, jambazi alipoingia benki.

"Hakusalimu?" mama mdogo aliuliza.

"Hakusalimu."

"Amebadilika huyu. Zamani alikuwa na adabu."

"Kisomo chote kile," mama alisema, "na hajui kuhadithia."

Farasi alipofika mtoni wakasema wote wawili kwa pamoja, bila kutazamana, "Anamfikiria mamake." Kwa muda kidogo nilidhani mambo yatakwenda vizuri. Kisha jambazi akashuka mbele ya nyumba, mlango ukafunguliwa, bunduki ikalia, naye akaanguka. Mke akamkimbilia. Askari akaja, akainama, akasema neno lake, akavua kofia.

Nikajifanya narekebisha kioo cha laptopu.

"Amesema nini?" mama mdogo aliuliza.

"Muziki umezidi," nilisema.

"Rudisha."

Nilirudisha. Askari aliinama tena, akasema tena. Muziki ulikuwa bado haujaanza, na wao walikuwa wamenitolea macho.

"Amesema amekufa," nilisema.

Mama alijipiga paja kwa kofi lililosikika mpaka jirani. "Nilisema mimi! Nilisema! Jasho!"

Mama mdogo aliisogelea laptopu. Aliniambia nirudishe tena, na safari hii hakutazama kioo. Alifumba macho, akasikiliza, kama mtu aliyeketi upande wa pili wa pazia.

"Alisikia," alisema.

"Alisikia, Mamdogo."

"Hakukosea."

"Sidhani."

Aliinuka akaenda jikoni. Tulimsikia akiosha mchele, akiumwaga, akiuosha tena. Nikamfuata, nimejawa na hamu ya kumtetea mtu ambaye sijawahi kuiona sura yake. Nikaanza kueleza kwamba kufasiri ni kazi ngumu, kwamba kuna wataalamu wanaosema mfasiri hana budi kumfikiria msikilizaji wake. Nilikuwa nakaribia kuwataja wataalamu wenyewe.

"Nyamaza, mwanangu," alisema kwa upole. "Nipe simu yangu."

"Unampigia mshenga? Unamwambia la?"

"Nampigia mwenyewe. Namba yake iko kwenye karatasi ya dawa."

Mama, ambaye alikuwa kasimama mlangoni, alishika kichwa. "Mwanamke anamposa mwanamume kwa simu! Tutasemwa mpaka Junju!"

"Simposi, dada, namuuliza. Nina maswali yangu. Akinijibu neno la kunifurahisha tu, nakata simu, na mambo yameisha. La kufurahisha nimelisikia sana maishani mwangu."

Aliikaza khanga kichwani, kana kwamba anaonekana, akapiga. Simu yake ilikuwa mbovu sikioni, haisikiki ila kwa spika, kwa hiyo kila alichosema mtu wa upande wa pili kilijaa jikoni. Sauti ilipotoka, nilishtuka. Ilikuwa imezeeka na kukwaruza, lakini ilikuwa ileile. Walisalimiana kwa kirefu. Aliuliza hali yake, akajibiwa. Aliulizwa hali ya homa, akasema imepungua. Waliuliziana watoto, wajukuu, magoti.

"Nina swali," mama mdogo alisema. "Jambazi wa ile kanda ya zamani. Mbele ya mlango wake. Alikufa au hakufa?"

Kimya kikapita. Hakukijaza.

"Alikufa," alisema.

"Na ulijua."

"Nilijua. Askari alisema wazi."

"Mbona ukatuambia amezirai?"

"Sikiliza, bibi. Mimi nimekaa gizani na kikombe changu, sioni kitu. Nasikia bunduki, mara nasikia chumba kizima mnaangua kilio. Sikujua mnamlilia yeye au mnamlilia farasi. Nikaona niwafufue wote wawili."

Mama aliuma ncha ya khanga yake.

"Na uji?"

"Uji ulinitoka tu. Nilikuwa na njaa. Visheti havikuwa vikifika upande wangu."

Mama mdogo aliufuta mkono wake uliolowa, akaihamisha simu kwenye mkono mwingine. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini zaidi.

"Nami nilikuwa mlemle ndani. Nililia kuliko wote. Sauti yangu uliijua?"

Mimi na mama tulitazamana. Jibu la swali hilo analijua hata mtoto. Mama alikuwa ameisogelea simu, midomo ikimchezacheza, kama anayemnong'oneza jibu la mtihani mtu aliye ng'ambo ya mji. Mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nikiomba kimoyomoyo aseme ndiyo, halafu nikakumbuka nini kingefuata, nikaomba upya.

"La," alisema mzee. "Nisikudanganye. Mlikuwa wengi, mkanichanganya. Sauti niliyoijua ni ya shangazi yangu tu, na yeye alikuwa anakoroma."

"Mpumbavu!" mama alinong'ona.

Mama mdogo alikuwa ametugeuzia mgongo. Sufuria lilianza kuchemka, naye akalifunua kwa mkono wa pili, akatazama ndani, akaongeza kikombe kingine cha mchele.

"Watu wako waje Ijumaa," alisema, "baada ya alasiri. Wasiwe wengi, viti havitoshi."